Spreso ya Punje Thelathini na Tatu

Mke wangu, Mama Raya,

Assalaam alaykum. Salamu hii nakupa kila Ijumaa nikipita makaburini, lakini pale huwa nimesimama na watu, na mbele za watu maneno yangu unayajua: mawili matatu, kisha kikohozi. Leo nimekaa jikoni kwako. Nimekalia mbuzi yako ya kukunia nazi, kwa sababu ndicho kikalio pekee humu ndani kisicho na skrubu wala mipira juu yake. Usiniangalie hivyo. Nitavikusanya.

Nakuletea habari za mashine ya kahawa. Ningeanza na habari za moyo, kama wafanyavyo waandishi wa barua, lakini weye ungesema, "Hayo nayajua, Baba Raya, hebu nambie kahawa imekuwaje." Basi kahawa.

Unakumbuka siku Raya alipotuletea mashine hiyo kutoka Maskati, akaiweka juu ya meza ya plastiki na meza ikapiga magoti. Bi Siti, jirani yetu wa ukuta mmoja, alikuja kuitazama akauliza kama ni ya kupimia presha. Mtoto wetu alikuwa amefanya kazi miaka miwili kwenye mkahawa kule, anaijua kahawa kama mie ninavyoyajua mafriji. Akatukalisha kama wanafunzi. Buni zisagwe laini, lakini zisiwe unga. Zishindiliwe kwenye kichujio chenye mpini. Maji ya moto yasukumwe kwa nguvu, yapite humo kwa sekunde kama ishirini na nane, kitoke kikombe kidogo kizito chenye povu rangi ya asali juu. Ikitoka haraka, itakuwa chachu. Ikikawia, itakuwa chungu.

"Ni hayo tu, baba," akasema. Akapanda ndege, akatuacha na hayo tu.

Mie nikacheka. Fundi wa miaka ishirini na tano, Gombani hii hakuna friji ambalo sijalitia mkono, nitashindwa na birika lenye swichi? Nikakwambia mashine zote ni ndugu: umeme, maji, pampu, basi. Ukanitazama kwa jicho lile la kuchagulia ndimu sokoni.

"Haya, fundi."

Kosa la kwanza lilikuwa lako, na naliweka mbele ili haki itendeke. Ulizitwanga buni kwenye kinu, kama tunavyotwanga za kahawa ya dele. Kwenye dele haidhuru, kahawa inachemka, machicha yanakaa chini, mtu anakunywa kilicho juu. Mashine haina subira hiyo. Maji yalikuta mapande na vumbi vimechanganyika, yakatafuta uchochoro, yakapita upande mmoja, na kikombe kikajaa kabla sijaondoa kidole kwenye swichi. Ukaonja. Ukalisema neno ambalo lilikuja kuwa hukumu ya nyumba hii.

"Bado."

Kosa la pili ni langu, na ndilo ulilolitangaza mpaka kisiwani kwenu Makoongwe. Kile kisagio cha mkono alichotuachia Raya nilikidharau. Nikazibeba buni mpaka sokoni Chake, kwenye mashine ya kusagia, nikarudi na unga mweusi mwororo, najisikia. Sikuuliza mashine ile ilikuwa inasaga nini kabla yangu. Ulipiga funda moja, ukautafuta ulimi wako.

"Bado?" nikauliza.

"Baba Raya, hii imebakia nyama tu."

Bizari ya pilau. Ulicheka mpaka ukashika kizingiti. Mwezi mzima kila mgeni aliyeingia ulimuuliza anataka kahawa ya kawaida au ya fundi, yenye mchuzi.

Tukarudi kwenye kisagio cha mkono. Kina pete chini, ukiizungusha inalia ta, ta, ta, na kila ta inaongeza au kupunguza ulaini. Tukajifunza kuhesabu hizo ta. Nikajifunza na kushindilia. Mara ya kwanza niliikandamiza kahawa kama nafunga boliti ya kompresa, na mashine ikakoroma, ikatoa tone, ikapumzika, ikatoa tone. "Umeikaba roho," ukaniambia. Ukanipokonya mpini, ukashindilia kwa kiganja cha mtu anayekanda chapati tangu utotoni, sawasawa pande zote, bila hasira. Tangu siku ile mie nikabaki fundi wa umeme tu.

Na hata huo umeme ulinifunza adabu. Ni weye uliyegundua kwamba jioni kahawa hutoka nyonge kwa sababu mtaa mzima umewasha pasi na majiko, na pampu haipati nguvu yake. Tukahamisha saa ya kahawa, ikawa baada ya sala ya alasiri. Ni weye uliyegundua maji pia. Mie nilikuwa nimeifungua mashine mara mbili natafuta kwa nini inapiga pumu. Ukachota maji ya kisima kwa kiganja, ukaonja, ukatema. "Haya yana chumvi." Nikakwambia miaka yote tunayanywa. Ukasema mtoto wa Makoongwe, aliyekua akisubiri madumu ya maji matamu yavushwe kutoka Mkoani, haambiwi na mtu wa bara ya Gombani maji yana nini. Tukaikosha mashine matumbo kwa maji ya ndimu, ikatoa magamba meupe kama ya samaki. Baada ya hapo ikawa inakunywa maji ya mvua, na pumu ikapona.

Kisha ile tasbihi.

Simu yangu ilikuwa na saa ya kuhesabia sekunde, lakini simu yangu unaijua, huzimika ikiona haya. Siku moja nikakukuta umesimama mbele ya mashine na tasbihi ndogo ya punje thelathini na tatu mkononi. Nimewasha, weye unavuta punje. Subhanallah, subhanallah. Kahawa iliisha ukiwa punje ya ishirini.

"Bado, imekimbia," ukasema.

"Mama Raya, unahesabia kahawa kwa tasbihi?"

"Siihesabii kahawa. Mie namtaja Mola wangu. Kahawa inasubiri."

Kwa mwendo wako, thelathini na tatu zilikuwa ndizo zile sekunde za Raya, tena za halali. Ukawa ndiwe mwonjaji na ndiwe saa. Mie nilikuwa mbonyezaji.

Na siku ile ilipotoka. Sitaki kuiandika kwa mapambo. Ilikuwa Jumanne, mvua imenyesha asubuhi, nimetoka kurekebisha friji la samaki na nguo zinanuka. Punje ya mwisho na tone la mwisho vilikutana. Povu likakaa juu, halikuvunjika. Ukanywa ukiwa umesimama, ukafumba macho. Nilikuwa nimeshaishika ile pete ya kisagio, niizungushe.

"Hiyo," ukasema.

"Hiyo nini?"

"Hiyo, Baba Raya. Hiyo. Usiguse kitu."

Ukaingia ndani, ukatoka na rangi ya kucha ya Raya iliyoganda nusu, ukatia nukta nyekundu kwenye pete ili tusipoteze mahali. Mie nilikunywa kilichobaki. Leo ukiniuliza kilikuwa na ladha gani sikumbuki. Nilikuwa nakuangalia weye.

Siku ya nane ulianguka uani unaanua nguo.

Tulikupeleka hospitali Chake, ukalala pale usiku mmoja, na kabla ya adhuhuri ukaondoka. Baada ya alasiri, saa yetu ya kahawa, ulikuwa umeshazikwa. Raya alipata habari kwa simu akiwa kazini na aproni kiunoni. Hata angeota mbawa asingewahi.

Naomba nikwambie ukweli kuhusu siku ile, kwa sababu wote wamekwisha kunisifu kwa uongo. Walisema Fundi ni jabali, hakudondosha chozi. Sikuwa jabali. Pale hospitali nilikuwa nasikiliza friji la dawa kwenye korido. Kompresa yake ilikuwa inajiwasha kila baada ya muda mfupi, na nikawaza, huyu thamostati inamdanganya. Kwenye jeneza nilishika mguu wa nyuma kushoto, nikawaza kuhusu mpira wa mpini wa mashine, kwamba umeanza kukauka. Hayo ndiyo yaliyokuwa kichwani mwa jabali.

Wanawake wa mtaa walilichukua jiko, kama ada. Mungu awalipe. Waliosha kila kitu. Bi Siti alikiona kisagio, akadhani ni cha pilipili manga, akakifungua chote, akakisugua kwa jivu na makumbi ya nazi mpaka kikang'aa kama kimetoka dukani, akakifunga upya alivyojua yeye. Nukta yako ikaenda na maji. Buni zilizobaki zikatwangwa, zikawa kahawa ya matangani. Nilikunywa vikombe viwili. Watu walisema ni nzuri.

Mwanamke akifiwa na mume, Mama Raya, watu wanajua wamfanyeje. Anakaa eda miezi minne na siku kumi, anapewa nguo ya kuvaa na mahali pa kukaa, anaambiwa hiki fanya, hiki usifanye. Mwanamme hana eda. Baada ya hitima ya siku ya tatu walinipa mkono, na siku ya nne asubuhi alikuja mtu na pole yake na friji bovu. Nikalitengeneza. Lilikuwa limeishiwa gesi.

Na Bi Siti. Huyu usimkasirikie, nia yake njema. Mwezi haujaandama wa pili akaanza kuniita ukutani.

"Fundi, mwanamme hakai eda."

"Najua, Bi Siti."

"Kuna mjane Makangale, mtulivu, ana mikarafuu yake mwenyewe."

"Alhamdulillahi kwa mikarafuu yake."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie friji lake likiharibika, anajua nilipo."

Akanitupia kanga ya maneno, akaingia ndani. Lakini ni yeye huyohuyo aliyenisaidia jino. Gego langu la kulia, lile ulilokuwa ukilisema kila siku nikang'oe, liliamka siku ya mazishi yako, likachagua wakati. Bi Siti akanipa kikopo cha karafuu, akasema tia moja pale, uma. Nikauma. Maumivu yakaenda zake. Nikaendelea kutia.

Sasa turudi kwenye kahawa.

Raya alinipigia simu kama wiki ya tatu. Tuliongea, kisha akasema, "Baba, nikipata ruhusa nitakuja. Nikija nionjeshe ile ya mama. Ile aliyosema Hiyo." Ulikuwa umemtangazia na yeye, kumbe. Nikamwambia hamna shida, mwanangu. Nikakata simu nikakitazama kisagio kinachong'aa.

Hakuwahi kukuona mara ya mwisho, Mama Raya. Hakukuosha, hakukukafini, hakukaa na wanawake. Hakuna alichoniomba ila kikombe kimoja. Nikaona hicho angalau nakiweza.

Basi kila siku baada ya alasiri nikawa nasimama mbele ya mashine. Nilinunua buni, nikazikaanga mwenyewe kwenye kikaango chako. Mara ya kwanza niliziunguza, wakaja watu wawili kuuliza kama nyaya zimeshika moto. Nikajifunza kuziepua zikiwa kahawia, kabla hazijatoka mafuta. Nikaweka pete ta ya kumi, ya kumi na moja, ya tisa. Nikavuta tasbihi yako, punje kwa punje, mpaka nikapata mahali ambapo kahawa inaisha na thelathini na tatu zinaisha. Povu lipo. Rangi ipo. Naonja: hamna kitu. Maji ya moto yenye rangi.

Si chachu, si chungu. Hamna.

Nikasema ni buni. Nikaagiza nyingine. Hamna. Nikasema ni maji, nikatega mvua upya kwenye pipa jipya. Hamna. Nikasema ni joto, nikafungua mashine, nikapima, joto lipo. Nikabadilisha mpira. Nikabadilisha pampu, ile ya zamani haina kosa hata moja, iko hapa mguuni kwangu. Mwezi wa pili wa msiba jino liling'olewa, nikarudi nyumbani na pamba mdomoni, nikapika kahawa, nikangoja pamba itoke, nikaonja. Hamna. Wateja walikuja wakanikuta nimeizunguka mashine kama daktari aliyekosea mgonjwa. Mmoja akaniuliza, "Fundi, hii ya nani, mbona haitoki?" Nikamwambia ya mke wangu.

Ikafika miezi minne. Zikafika na zile siku kumi. Sikuwa nahesabu, niliona tu siku ile kwamba nimehesabu.

Raya akaja mwezi wa tano. Amekonda. Alishuka kwenye gari akanipa mkono, "Shikamoo baba," nikasema marahaba, tukasimama pale na begi kati yetu. Nilimchukua makaburini, alikaa sana. Mie nilisimama nyuma nikatazama viatu vyangu. Kisha tukarudi, tukasali alasiri, na nikamkalisha pale kwenye meza ya plastiki.

Nilipasha vikombe kwa maji ya moto, kama ulivyokuwa ukifanya. Nikashindilia sawasawa pande zote. Nikawasha, nikavuta tasbihi. Punje ya mwisho na tone la mwisho vikakutana. Nikamsogezea.

Akanywa. Akafumba macho kama weye. Akakaa nayo.

"Hiyo, baba," akasema.

"Kweli?"

"Wallahi, hiyo."

Nikashukuru. Nilidhani nitasikia kitu. Nikachukua kikombe, nikamalizia kilichobaki, nikasema kama nilivyozoea kujisemea, "Mie naona maji tu."

Raya akaniangalia. Ana jicho lako la ndimu, siku hizi limekomaa.

"Baba, fungua mdomo."

"Ili?"

"Fungua."

Miaka hamsini na mbili, nimefungua mdomo mbele ya mwanangu kama kifaranga. Akanusa.

"Una nini mdomoni?"

Nikatema kwenye kiganja. Karafuu, imekwisha kuwa laini.

"Ya nini?"

"Jino."

"Lipi?"

Nikamwonyesha pengo. Akatazama pengo, akatazama karafuu, akanitazama mie.

"Baba, hili jino halipo."

"Limeng'olewa."

"Lini?"

"Mwezi wa pili."

"Na karafuu?"

Nikaitazama kiganjani. Kutwa mbili, tatu, nne. Moja ikilainika natia nyingine. Mwanamme mzima, fundi, nimeifungua mashine mara sita, nimebadilisha pampu isiyo na kosa, na ulimi umekufa ganzi mdomoni mwangu mwenyewe tangu siku ya mazishi. Na nani angenigundua? Pemba hii, msimu wa karafuu, majamvi yameanikwa mpaka barabarani, nani atamwambia mtu ananuka karafuu? Weye tu ungenigundua, na ungenigundua siku ya kwanza.

Raya akaanza kucheka. Alicheka kama ulivyocheka siku ya bizari, akashika kizingiti kilekile. Mie nikatabasamu kwa upande usio na pengo. Alipomaliza akakichukua kikopo cha Bi Siti, akakitia kwenye begi lake, akafunga zipu.

Siku tatu zile nisikwambie. Wavuta sigara nimewapa heshima yao. Mkono ulikuwa unakwenda mfukoni wenyewe. Siku ya kwanza mdomo ulikuwa kama nimeazima. Siku ya pili nikausikia mchuzi, nikagundua kwamba miezi yote ile nimekuwa natia chumvi mara mbili. Siku ya tatu baada ya alasiri nikapika kahawa vilevile, pete pale pale, punje thelathini na tatu, povu la asali. Nikaonja.

Mama Raya, ilikuwa chachu. Chachu kama birimbi. Ilinikunja shavu mpaka kwenye pengo, na pengo likauma, mara ya kwanza tangu jino ling'olewe.

"Raya."

"Naam baba."

"Uliniapia."

Akainamisha kichwa.

"Uliapa wallahi kwamba ni hiyo."

"Nimeshafunga siku moja kati ya tatu za kafara ya kiapo," akasema. "Ilikuwa chachu, baba. Nilitaka kulia kwa uchachu."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ulivyosimama na ile tasbihi. Ningesemaje?"

Tukakaa. Ikabidi nimuulize, kwa sababu yeye ndiye anayejua kazi. Nikamwambia mbona sekunde ziko sawa, thelathini na tatu zinaisha na kahawa inaisha, sasa uchachu unatoka wapi. Akatoa simu yake, akaniambia pika tena, vuta tasbihi. Nikavuta. Akanionyesha kioo.

Sekunde kumi na tisa.

Thelathini na tatu zangu ni sekunde kumi na tisa. Nilikuwa nazikimbiza kama mtu anayefunga duka, na kisagio nikakifuatisha kasi yangu, mpaka kahawa na mie tukakubaliana kukimbia pamoja. Na weye ulikuwa ukinisema hata kwenye sala. "Baba Raya, unafukuzwa na nani?"

"Za mama zilikuwa ngapi?" nikauliza.

Raya akaichukua tena simu. Akashuka chini kwenye simu, chini sana, mpaka kwenye ujumbe wa sauti. Siku ile ya Hiyo ulikuwa umemrekodia, kumbe. Sikujua. Nilidhani umeshika simu kwa sababu ya tochi.

Sauti yako ilitoka pale mezani. Subhanallah. Subhanallah. Subhanallah. Pole, kila moja inakaa mahali pake kabla ya nyingine kuja. Nyuma yake mashine inanguruma, na sauti ya mtu mmoja mjinga inauliza, "Imefika ngapi?" Nawe unamjibu bila kusimama, "Usinikatize." Kisha punje zinaendelea. Kisha kimya, kikombe, kimya. Kisha Hiyo.

Ishirini na nane, kama alivyosema yeye mwanzo.

Raya alilia. Alilia kwa sauti, kama watu walivyolia siku ile yeye hayupo. Nikamwekea mkono begani, nikauacha pale. Mie sikulia, sikudanganyi. Nilisikia ule uchachu umebaki kwenye pembe za ulimi, na pengo linapiga, na nikawaza kwamba havikuwa thamostati wala gesi vile, vilikuwa vyangu. Basi. Ni hapo nilipofika.

Alipotulia aliniuliza, "Mama angesemaje kuhusu hii ya leo?"

"Unajua angesemaje."

"Sema weye."

Nikasema. Nililisema kama unavyolisema, fupi, bila chuki. Akapangusa uso, akasogeza pete ta mbili.

Amerudi Maskati wiki iliyopita. Alifunga siku zake mbili zilizobaki kabla ya kuondoka, nami nikamkaangia buni mfuko mzima, akasema za kule zimemshinda harufu. Sijui kama ni kweli. Huyu ameshaniapia mara moja.

Sasa nimebaki na kazi. Kila siku nawasha mashine na ujumbe wako pamoja, navuta tasbihi nyuma yako, na napambana nisikutangulie. Punje ya ishirini huwa nataka kukimbia. Jana nilifika nawe mpaka mwisho. Povu likakaa. Nikanywa nimesimama: moto, uchungu mzuri mwanzoni, kisha chembe ya uchachu ikachungulia pembeni, ikatoka. Vyote nilivisikia, kimoja kimoja. Ulikuwa karibu sana, Mama Raya. Pengo likauma, nikalisema lile neno kwa sauti.

Ukuta ukasikia.

"Fundi! Wasema na nani huko?"

"Na Mama Raya."

Bi Siti alikuwa anafagia uani kwake. Nilisikia fagio lake limesimama.

"Anasemaje?"

"Anasema bado."

Akafagia mara mbili tatu. "Basi na yule mjane wa Makangale nitamwambia bado," akasema, akaingia ndani.

Mungu akupe kivuli kipana, na maji ya kunywa yasiyo na chumvi. Nakwenda kuzikusanya skrubu.

Mumeo, mbonyezaji wako,
Baba Raya